Gari Peke Yake

Papa Bisimwa alipokufa, mwezi wa nane mwaka 1981, nilipewa kazi ambayo nilidhani ingenichukua dakika tano: kumtafutia picha. Picha moja tu, ya kuweka juu ya meza kwenye kilio, kando ya mshumaa, ili watu wanaoingia kutoa pole wawe na uso wa kuutazama. Bukavu hatujui kulia bila picha. Hata bibi kizee wa milimani, ambaye maisha yake yote hakushuka mjini mara tatu, hutafutiwa kadi yake ya zamani, picha ikakuzwa mpaka sura ikabaki ukungu mtupu, lakini mezani itawekwa. Na huyu wetu alikuwa mpiga picha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nani angedhani kungekuwa na taabu?

Ignace, mdogo wake, alikuwa ametoka Mumosho kwa miguu na viatu vyake vimejaa udongo. Alinisimamia mlangoni pa chumba cha marehemu, hakutaka kuingia.

"Maman Godelive, weye njo ulikuwa jirani yake. Tafuta photo. Batu banaanza kufika, bataangalia nini?"

"Kwani kwenu Mumosho hamna hata moja?"

"Alisema atatuletea."

Niliingia. Vilikuwa vyumba viwili, cha mbele studio, cha nyuma kitanda na makopo ya biskuti yaliyojaa bahasha za negativu. Nilianza saa mbili asubuhi. Saa sita nilikuwa bado nimekaa sakafuni, na nilikuwa nimeiona Bukavu nzima: maharusi wa Kadutu, masista, wanafunzi wenye diploma, maofisa wenye miwani myeusi, watoto wa komunyo wanaong'ang'ania mishumaa yao. Mimi mwenyewe nilijikuta mara tisa, mara ya kwanza nikiwa mwembamba. Na magari, bahasha kwa bahasha za magari. Yeye, hakuna. Nikakumbuka kadi yake ya uraia. Nikaitoa kwenye mfuko wa shati lake, na mahali pa picha palikuwa na doa la kahawia na nusu ya muhuri. Jasho la kifuani lilikuwa limemla uso miaka mingi iliyopita, naye alikuwa anaendelea kutembea nayo hivyo hivyo.

Nilikasirika. Nasema kweli, nilimkasirikia maiti. Mtu gani huyu anapiga picha mji mzima halafu anaondoka bila kuacha hata pua yake?

Lakini jibu nilikuwa nalijua, na ndiyo maana hasira yangu haikudumu.

Alihamia nyuma ya nyumba yetu mwaka 1969. Nyumba yenyewe ni hizi za mtaa wa Muhumba zilizoachwa na Wazungu, kubwa kupita kiasi, imegawanywa mara mbili. Mimi na mume wangu Emile tulikaa upande wa kushoto, na nyuma, katika vile vyumba walivyojengewa maboi, akaja kukaa mwanaume mrefu mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko la mume wangu. Alitundika kibao: PHOTO DONATIEN. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipokatazwa na serikali, alikipaka rangi akaandika PHOTO BISIMWA. Ofisini, nilikokuwa napiga taipu, mimi nikawa Citoyenne, yaani Mwananchi, Cibalonza. Nyumbani nikabaki Godelive, na yeye aliniita Maman Godelive kwa sauti ya chini, huku akigeuka kutazama barabarani kama mtu anayeiba kuku. Huo ndio ulikuwa utani wake. Hakuwa na mwingine, isipokuwa ule wa studio, alipokuwa akiwaambia wateja wa picha za kadi, "Funga kinywa, fungua macho, usiangalie sawa unadaiwa."

Alikuwa ameoa zamani. Mke wake alifia hospitali ya Katana, pamoja na mtoto waliyekuwa wakimngoja, katika mwaka wa pili wa ndoa. Habari zilimkuta Kamanyola kazini, wameshazika. Aliniambia hayo mara moja tu, tukiwa tunaanika nguo uani, na nilipomwuliza kama ana picha ya huyo mama alijibu kwamba hana, kwa sababu filamu ilikuwa ya bosi na kila pozi ilihesabiwa. Akachukua kibanio kingine, akaendelea kuanika.

Sasa hiyo kazi ya Kamanyola ni lazima niieleze, maana bila hiyo huwezi kumwelewa.

Treni haikuwahi kufika Bukavu. Zamani ilitoka ziwani Uvira, ikakata bonde la Ruzizi, ikafika Kamanyola na kukoma hapo, chini ya milima, kama mtu aliyechungulia ngazi akaamua kurudi. Kila kilichokuja kwetu kutoka pwani kilishuka stesheni ile na kupanda mlima wa Ngomo kwa lori. Magari pia. Kila Chevrolet, kila Peugeot, kila Studebaker iliyokuja kupiga honi hapa mjini ilivuka bahari, ikapanda treni, ikapanda meli, ikapanda treni tena, na mara ya kwanza magurudumu yake kugusa ardhi ya Kivu ilikuwa pale Kamanyola. Na pale alisimama Bisimwa, kijana wa miaka ishirini, mwajiriwa wa wakala mmoja wa usafirishaji, mwenye kamera ya wakala.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha kila gari kabla halijakabidhiwa, ili mwenyewe akija kulalamika kwamba limekwaruzwa njiani, picha itoe ushahidi. Bosi alikuwa na sheria moja: gari peke yake. Asionekane mtu, mbuzi, wala kivuli. Na hasa, kusiwe na kitu ndani ya zile sehemu za kung'aa, kwa sababu mtu akionekana ndani ya bampa, kwenye picha ndogo anafanana na mkwaruzo, na mkwaruzo unalipwa. Kwa hiyo Bisimwa alifundishwa kupaka sabuni. Unachukua sabuni ya mawese na kitambaa kibichi, unasugua bampa, taa, vifuniko vya magurudumu, mpaka vinafifia na havionyeshi chochote. Ndipo unapiga. Alifanya hivyo miaka kumi. Treni ilipokufa na reli zikang'olewa, alipanda Bukavu na kipande chake cha sabuni.

Na miaka ile ya Zaïre, magari yale yalipoanza kuzeeka mikononi mwa watu, moja likigeuka banda la kuku, lingine likikatwa kuwa masufuria, akaanza jambo ambalo watu walidhani ni wazimu. Alikuwa na daftari la shule alimoandika kila gari lililopita mbele yake: rangi, mlango, alama. Akikutana na gari barabarani alilijua. Akamfuata mwenyewe nyumbani, akamwambia kwa heshima zote, "Papa, tushuke nayo Kamanyola siku moja. Nitaipiga picha pale ilishukia." Wengi walicheka. Baadhi walikubali, kwa sababu mtu akiambiwa gari lake lina historia hujiona naye anayo. Kila kiangazi walishuka wawili watatu. Alilisimamisha gari juu ya lile jukwaa la mawe la kushushia mizigo, akapaka sabuni, akawafukuza wote nje ya picha, wenyewe wakiwa wa kwanza.

"Nisikae hata kando ya mlango?"

"Gari peke yake, Papa."

Wenyewe walikasirika, halafu walipoletewa picha walinyamaza. Zilikuwa picha nzuri, ambazo mpaka leo sijui kuzieleza. Gari zee limesimama mahali pasipo na reli, kama linangoja mtu. Nilikuwa nikizitazama zinaniuma, nikamrudishia upesi.

Nije kwenye kosa langu, maana ninalo.

Mwaka 1977 kulikuwa na kubadilisha kadi. Mtaa mzima ulipanga foleni uani kwetu siku nane. Siku ya tisa asubuhi alinigongea. Alikuwa amevaa shati jeupe na tai, tai ambayo sikuwahi kuiona, na nyuma yake, mbele ya ukuta wa studio, kiti kilikuwa tayari na kamera imesimamishwa juu ya miguu yake mitatu.

"Maman Godelive, nimepanga yote. Unakuya, unafinya hapa tu."

Mimi nilikuwa na mkoba begani. Ofisini mkuu wetu alikuwa anahesabu wachelewaji. Nikasema, "Kesho, Papa. Kesho asubuhi bila shaka." Akasema sawa, hakuna neno. Kesho yake nilisahau. Baada ya siku tatu nilikumbuka, nikamwambia niko tayari, akanijibu kwamba amekwishapanga mambo yake. Hakupanga kitu. Aliendelea na kadi yenye doa, na kwenye vizuizi askari walimpitisha kwa kuwa walimjua. Kufinya mara moja tu, na sikuwa na nafasi. Hilo nilikuwa nalo kifuani nikiwa nimekaa sakafuni kati ya makopo ya biskuti.

Mwaka uliofuata akaja Maman Nyota.

Nyota alikuwa mjane wa Feruzi, mfanyabiashara wa vitenge, watu wa Uvira wa asili, Waislamu, wenye duka karibu na soko. Nilikuwa mteja wake, na tulikuwa tukicheka pamoja kuliko tulivyonunuliana. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, mwenye jicho linaloona bei ya kila kitu na kukaa kimya. Feruzi alimwachia Chevrolet ya kijani ya mwaka 1950. Alikuwa ameiendesha kwanza akiwa dereva wa Mgiriki mmoja, akaipandisha yeye mwenyewe Ngomo siku ile ile iliposhushwa, na Mgiriki alipokimbia akamuuzia. Sasa shemeji zake walikuwa wanataka gari na mjane warudi Uvira. Nyota alisikia kuna mzee wa picha za stesheni. Akaja.

Papa Bisimwa alifungua daftari lake, akapitisha kidole.

"Chevrolet, kijani. Mlango wa kushoto iko na mukwaruzo, chini ya kishikio, sawa ukucha."

"Iko mupaka leo," Nyota akasema. Na nilimwona anamtazama upya.

Mjane hawezi kushuka bondeni na wanaume peke yake, kwa hiyo nilichukuliwa mimi, nikakaa nyuma na kikapu cha chakula. Dereva alikuwa Placide, mpwa wa Feruzi, kijana asiyesema na asiyesikia ila injini. Kwenye kizuizi cha Ngomo tulingoja malori yapande kwanza, na hapo, katika joto linalopanda kutoka bondeni, nikashuhudia jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia kwa miaka tisa. Papa Bisimwa alikuwa anaongea. Alimweleza Nyota jinsi treni ilivyokuwa ikisikika kabla haijaonekana, jinsi magari yalivyoshuka yamefungwa kamba, vumbi la pamba lililokuwa likilala juu ya vioo. Nyota aliuliza swali moja baada ya jingine. Kisha akauliza lile.

"Na weye, Papa Bisimwa? Picha yako iko wapi?"

"Yangu?" Alicheka kidogo. "Nani ataiangalia?"

Malori yalikuwa yamekwisha kupita, Placide akawasha.

Stesheni ilikuwa imegeuzwa ghala la mpunga. Jina lake lilikuwa bado ukutani, herufi tatu zimeanguka. Mahali pa reli palikuwa na majani na mbuzi. Papa Bisimwa aliliingiza gari juu ya jukwaa kwa ishara za mikono, sentimita kwa sentimita, akitazama mlima, akitazama jua, akalirudisha nyuma, akalileta mbele, mpaka Placide akaanza kunung'unika. Akatoa sabuni. Akapiga magoti mbele ya kila gurudumu akasugua. Nyota alisimama kando yangu akimtazama. Alipokuja kusimama karibu na mlango, ule wenye mkwaruzo, mzee alimwinulia mkono.

"Apana, Maman. Mutoke kidogo. Gari peke yake."

"Hata miye? Ni ya bwana yangu."

"Hata weye."

Akaondoka bila kubisha, na hilo lingepaswa kunitia shaka, maana Nyota kubisha alikujua. Papa Bisimwa akaenda kusimama mbali, mgongo wake umeelekea kivuli cha baraza la stesheni, akainama kuweka filamu katika kamera yake ya kifuani, ile ambayo unaitazama kutoka juu. Ndipo Nyota akapita mbele ya gari kama mtu anayerudi kwenye kikapu, akachutama mbele ya gurudumu la mbele, na kwa pindo la kitenge chake akafuta kifuniko mpaka kikang'aa. Mara tatu, mviringo. Kisha akaja kwangu, akakaa, akamenya ndizi.

Niliona. Sikusema. Nilikuwa nacheka ndani kwa ndani, na nilifurahi, kwa sababu nilielewa kwamba lile swali la mzee pale Ngomo lilikuwa limejibiwa.

Picha ikapigwa. Tulikula, tukapanda.

Baada ya wiki moja Nyota alikuja kuichukua. Nilikuwepo, nilihakikisha nipo. Papa Bisimwa alimpa bahasha kwa mikono miwili, amevaa vizuri, na macho yake hayakutulia. Nyota aliitoa, akaenda nayo dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. Gari lilikuwa zuri kuliko yote. Nyuma yake mlima, juu yake anga tupu. Nyota akaweka kidole kwenye gurudumu la mbele.

"Hapa kulikuwa mutu."

Papa Bisimwa akaanza kuzipanga bahasha nyingine mezani.

"Kulikuwa mutu, Papa. Nilifuta na kitenge yangu. Ulimutosha, ulimutoa mu picha."

"Ilikuwa kosa, Maman," akasema. "Sikuona pale hakukuwa sabuni. Nilipoona, ni wakati wa kusafisha filamu, nikaona kitu nyeupe mu gurudumu. Shati. Nikachukua wembe. Kazi nzuri haina..."

"Ulisema nani ataiangalia."

Papa Bisimwa akagusa kola ya shati lake.

"Miye," Nyota akasema. "Miye njo nilitaka kuangalia."

Haki ya Mungu sijaona mtu akipigwa namna ile bila mkono. Papa Bisimwa alikwenda kwenye kopo, akatoa ile negativu, akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Nilikuwa nyuma yake nikaona. Kwenye gurudumu, mahali ambapo mtu mmoja mdogo alikuwa amesimama na shati lake, palikuwa pamekwanguliwa pakabaki uwazi, kazi ya mkono uliozoea. Kitu kilichokwanguliwa na wembe hakirudi. Alijua hilo kuliko sisi sote.

"Turudi," akasema. "Turudi Kamanyola. Kesho."

"Kesho gari inaenda Uvira. Na miye ndani yake." Nyota alirudisha picha katika bahasha, akaifunga. "Nitaichukua hivi hivi. Papa Bisimwa, Uvira haiko mbali. Unapita palepale Kamanyola, unaendelea tu."

Akaenda. Kesho yake niliona Chevrolet ikipita barabara ya chini na magodoro juu yake.

Ningependa kukuambia alimfuata. Mimi nilimsukuma kwa kila njia niliyoijua. Nilimtania, nikamkaripia, siku moja nikamletea jina la dereva wa lori anayeshuka kila Ijumaa. Kila kiangazi kilipoingia alipiga pasi shati jeupe, akasafisha kamera, akaweka mfuko karibu na mlango. Mfuko ulikaa pale siku mbili, siku tatu. Halafu nilimwona ameurudisha ndani. Nilimwuliza anaogopa nini. Alisema haogopi, anatafuta tu namna ya kumwambia.

"Kumwambia nini, Papa? Mtu amekwisha kusema yeye!"

"Nilijikwangula mwenyewe, Maman Godelive. Na nilikuwa najua ni miye. Nilijiona vizuri kabisa kabla ya kuchukua wembe. Namna gani nitamwambia hiyo?"

Niliingia jikoni nikagonga masufuria.

Magari hakuyapiga tena. Daftari alilifunga kwa uzi. Alibaki na picha za kadi, na hata kwa hizo hakusema tena utani wake wa kinywa na macho. Kiangazi cha tatu hakuutoa mfuko kabisa. Alikohoa miezi miwili, akasema ni dawa za kusafishia filamu, na Jumanne moja Emile alikwenda kumwita chai akamkuta amelala upande, mikono imekunjwa, amekwisha kuwa baridi. Sina kingine cha kueleza hapo. Tulilipia tangazo la redio jioni ile, na Ignace akaja asubuhi.

Basi saa sita na nusu nilitoka chumbani mikono mitupu. Watu walikuwa wamejaa uani, wengi kuliko nilivyofikiria, watu ambao nilikuwa nimetoka kuziona sura zao zote kwenye bahasha. Waliingia sebuleni kwetu, wakaikuta meza, kitambaa, mshumaa, na kati yake nafasi. Walisimama mbele ya nafasi ile wasijue macho wayapeleke wapi. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini alikuwa anafananaje, maana miaka yote alikuwa nyuma ya kamera, ameinama. Nikafungua kinywa nimweleze, na nikaona mimi mwenyewe naanza kuukosa uso wake. Mrefu. Mwembamba. Shati jeupe. Zaidi ya hapo? Hilo lilinitisha kuliko kifo chenyewe.

Saa tisa lori la Uvira liliteremsha mtu barabarani. Alikuwa Nyota. Alikuwa amezeeka kidogo, kichwa kimefunikwa, vumbi la bondeni limemjaa mpaka kwenye kope. Alisikia redio, akapanda lori la kwanza la alfajiri. Hakunisalimia kwa maneno. Alinishika mkono, akauliza mezani ni wapi. Watu walimpisha. Akafungua mkoba akatoa bahasha, na kutoka ndani yake ile picha, akaisimamisha kwenye kile kinara cha mshumaa.

Minong'ono ikaanza. Ignace alimsogelea.

"Maman, samahani. Hii ni gari."

"Ninajua."

"Tunatafuta photo ya ndugu yangu."

"Iko hapa," Nyota akasema, na akaweka ncha ya kidole juu ya gurudumu la mbele. "Alikuwa hapa ndani, akajikwangula yeye mwenyewe."

Ignace alitazama kidole, akamtazama yeye. Kisha akavua kofia, akainama mpaka uso wake ukakaribia meza, akakaa hivyo. Alipoinuka alikuwa analia. Nyuma yake mtu mwingine akasogea akainama, na mwingine, na foleni ikajipanga yenyewe kutoka sebuleni mpaka uani, kama ile ya siku za kadi. Nyota hakuondoa kidole. Alisimama pale akimwonyesha kila mmoja mahali.

Nilingoja zamu yangu. Nilipoinama niliona, kando ya ukucha wake, kovu dogo jeusi, halifiki punje ya mchele, limekwanguliwa safi. Nikalitazama. Nikamwona amesimama mbele ya kivuli cha baraza la stesheni, kamera kifuani, kichwa kimeinama, anangoja tutoke wote kwenye picha. Na nikamwona na tai, mbele ya ukuta, kiti kiko tayari.

Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na watu walio nyuma yangu wakaningoja.